Manukato mepesi ya maua meupe kwa siku za machipuko: jinsi ya kuyachanganya mwenyewe

Maua meupe si mapole kama yanavyoonekana. Yasmini, tuberosi, gadenia na ua la mdanzi yana harufu nzito na tamu inayojaza chumba. Yasmini na tuberosi hunukia zaidi usiku, na harufu hiyo ndiyo inayowaita nondo. Ndani yake mna indoli, kemikali ambayo ikiwa kidogo hunukia maua, na ikizidi hunuka kinyesi na naftalini, vile vidonge vya kufukuzia nondo kabatini.

Anayetaka manukato ya mchana wa machipuko, hewa ikiwa bado na ubaridi na jua halijawa kali, mara nyingi huanza na mafuta ya yasmini kisha akayazimua kwa spiriti. Hapo ndipo anapopotea. Yasmini iliyozimuliwa hubaki yasmini ileile, imesogea mbali tu. Wepesi hupatikana kwa kujenga hewa kwanza: vitu vyenye harufu ya upole, inayopitisha mwanga, vijaze karibu chupa nzima, halafu ua lenyewe liingie kwa matone. Kanuni iliyo hapa chini imejengwa hivyo. Inatoa gramu 10 za kiini, yaani mchanganyiko wa harufu kabla ya kutiwa spiriti, zinazotosha gramu 100 za manukato yaliyokamilika.

Vifaa

Unahitaji mizani inayosoma hadi gramu 0.01. Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima haifai kabisa. Tafuta pia bika mbili za kioo za mililita 50, pipeti za plastiki (moja kwa kila malighafi, usichanganye), chupa ndogo za kahawia za mililita 10 na 30, moja ya mililita 125, kanda za karatasi za kunusia, glovu za nitrili, karatasi ya kuchujia kahawa, lebo na kalamu isiyofutika kwa spiriti.

Usihesabu matone. Tone moja linaweza kuwa na gramu 0.02 au 0.04 kutegemea uzito wa kimiminika na mdomo wa pipeti, na katika vitu vikali tofauti hiyo ni mara mbili.

Spiriti iwe ethanoli ya asilimia 95 au 96 inayouzwa kwa kazi ya manukato. Spiriti ya isopropili ina harufu yake ya hospitali inayofunika mwanzo laini wa maua. Vodka ya asilimia 40 zaidi ya nusu yake ni maji, kwa hiyo mafuta yatajitenga na chupa itakuwa kama maziwa. Spiriti ya rangi ya kuwashia jiko huweza kuwa na methanoli, na methanoli ni sumu inayopita kwenye ngozi.

Kanuni ya gramu 10

Majina ya malighafi hubadilika kutoka muuzaji hadi muuzaji, lakini namba ya CAS, kitambulisho cha kila kemikali, haibadiliki. Agiza kwa namba.

- Hedione, yaani methili dihidrojasmoneti (24851-98-7): gramu 3.20
- Ethilini brasileti, miski nyeupe (105-95-3): 1.30
- Linaluli (78-70-6): 0.90
- Haidroksisitronelali (107-75-5): 0.80
- Benzili asetati (140-11-4): 0.60
- Fenilethili alkoholi (60-12-8): 0.60
- Mafuta ya bergamoti yasiyo na bergapteni: 0.60
- Linalili asetati (115-95-7): 0.50
- Benzili salisileti (118-58-1): 0.50
- Mafuta ya maua ya mdanzi, yaani neroli: 0.20
- Absoluti ya yasmini (dondoo nzito ya ua), iliyozimuliwa hadi asilimia 10: 0.40
- Sis-3-heksenoli (928-96-1), asilimia 10: 0.15
- Stiralili asetati (93-92-5), asilimia 10: 0.15
- Indoli (120-72-9), asilimia 10: 0.10

Theluthi moja ya kiini ni Hedione, na wengi wakiinusa mara ya kwanza kwenye karatasi hudhani wameuziwa maji. Harufu yake ni hafifu: ndimu kidogo, yasmini kwa mbali, unyevu wa asubuhi. Kazi yake ni kuyapa maua mengine nafasi ya kupumua. Iko ndani ya yasmini yenyewe kwa kiasi kidogo mno, ilitambuliwa na wakemia wa kampuni ya Firmenich, na ilipata umaarufu mwaka 1966 mtengenezaji wa manukato Edmond Roudnitska alipoitumia katika Eau Sauvage ya Dior. Ukiipunguza ili kuokoa fedha, kila kitu kilichobaki kitakaa kifuani kama blanketi.

Haidroksisitronelali ndiyo inayoleta nyinyoro ya bondeni, lile ua dogo lenye vikengele vyeupe linalochanua machipuko. Ua hilo halitoi mafuta ya kuuzwa, si kwa mvuke wala kwa kiyeyushi. Kila manukato yanayodai kuwa nalo, ikiwemo Diorissimo ya mwaka 1956, yamelijenga kwa kemikali. Kanuni za zamani utakazokutana nazo huongeza Lilial na Lyral, kemikali mbili za harufu ya ua hilo. Achana nazo. Lilial imepigwa marufuku katika vipodozi vya Umoja wa Ulaya tangu Machi 1, 2022, kwa shaka ya kudhuru uzazi. Lyral ilitangulia, kwa sababu iliwasababishia watu wengi mzio wa ngozi.

Benzili asetati ndiyo sehemu kubwa ya yasmini halisi, na peke yake inanukia ndizi mbivu. Heksenoli ni majani yaliyokatwa sasa hivi. Stiralili asetati ina ukali wa bua bichi lililovunjwa, na ndiyo inayomfanya mtu aseme “gadenia”. Benzili salisileti hainukii sana, ila huyashika maua yasikimbie.

Kuhusu bergamoti, maneno “yasiyo na bergapteni” si mapambo ya lebo. Bergapteni ikikutana na jua juu ya ngozi huunguza na kuacha madoa meusi yanayokaa miezi. Kwa mafuta ya kawaida yaliyokamuliwa, mpaka wa IFRA, shirika la kimataifa la watengenezaji wa manukato, kwa bidhaa zinazobaki kwenye ngozi ni asilimia 0.4. Kanuni hii ina asilimia 0.6 ndani ya chupa iliyokamilika, tena ni manukato ya kuvaliwa mchana. Kama huyapati yaliyosafishwa, weka linalili asetati 0.40 na linaluli 0.20 mahali pake. Utapoteza kidogo ule uchungu wa ganda, basi.

Hatua ya 1: zimua vikali siku moja kabla

Vitu vinne vya mwisho huzimuliwa kwanza. Weka chupa tupu ya mililita 30 juu ya mizani, irudishe sifuri, tia gramu 1.00 ya malighafi, kisha ethanoli hadi mizani isome 10.00. Funga, tikisa, andika jina, asilimia na tarehe.

Absoluti ya yasmini ni nzito. Tumbukiza chupa yake, ikiwa imefungwa, katika maji ya uvuguvugu wa nyuzi 40 kwa dakika tano, itateremka bila shida. Indoli huja kama chenga nyeupe na huyeyuka upesi. Ipime karibu na dirisha lililo wazi, na chupa yake ikae ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, la sivyo kabati zima litanuka naftalini. Mvuke wa ethanoli hushika moto upesi, kwa hiyo jiko, mshumaa na sigara viwe mbali.

Hatua ya 2: pima

Anza na vilivyo vingi na vya upole: Hedione, ethilini brasileti, benzili salisileti, kisha vingine vya kati, halafu bergamoti na neroli, na mwisho vile vinne vilivyozimuliwa. Rudisha mizani sifuri baada ya kila kitu. Andika uzito uliotoka, si ule uliokusudia, maana wiki mbili baadaye hiyo ndiyo kumbukumbu pekee utakayokuwa nayo.

Kuzidisha kutatokea. Gramu 0.05 zaidi ya Hedione hakuna pua itakayoijua. Gramu 0.05 zaidi ya heksenoli ni theluthi nzima ya kiasi chake, na hapo chaguo ni mawili: kuongeza kila kitu kingine kwa theluthi, au kuanza upya. Kunyonya tone kwa pipeti likishagusa mchanganyiko hakurudishi kitu. Utaona mwenyewe: tone la heksenoli likigusa bika, meza nzima inageuka uwanja uliofyekwa, na kwa dakika mbili hunusi kingine chochote. Usihukumu mchanganyiko wakati huo.

Hatua ya 3: kiache kitulie

Zungusha bika taratibu hadi mawingu ya ndani yatoweke, mimina kwenye chupa ya kahawia ya mililita 10, funga, weka gizani. Saa 48 ndicho kiasi cha chini, wiki moja ni bora. Kiini kipya kina mishono inayoonekana: ndizi huku, majani kule, spiriti juu. Wanaotengeneza mara ya kwanza husahihisha siku hiyohiyo, wakaongeza yasmini “kwa sababu maua hayasikiki”, na baada ya wiki wanajikuta na kitu kizito kuliko kile walichokikimbia.

Hatua ya 4: jaribu kidogo kabla ya kumaliza

Chukua gramu 1.00 ya kiini, ongeza gramu 9.00 za ethanoli. Chovya kanda mbili, andika saa, zisimamishe mbali na ukuta na mbali na chupa nyingine. Nusa baada ya dakika moja, dakika 15, saa moja, saa nne, na kesho yake asubuhi. Pua ikichoka, toka nje au nusa mkono wa shati lako usio na manukato. Punje za kahawa ni harufu nyingine tu ya kuichosha.

Dakika ya kwanza unapaswa kupata ganda la chungwa, ubichi wa majani na ubaridi. Kama inakuchoma pua, huenda ni ethanoli tu. Pepea ukanda kwa sekunde 30, nusa tena.

Dakika ya 15 ndiyo yenye mengi. Hapo nyinyoro na yasmini zinapaswa kuwa zimeingia pamoja, bila mmoja kumsukuma mwenzake. Ukipata ndizi au peremende ya watoto, benzili asetati imetawala. Hukumu hiyo ni ya kutolewa baada ya wiki ya kutulia, na dawa ni kuongeza Hedione 0.30, si kingine. Ukipata sabuni ya kunawia, linaluli na fenilethili alkoholi zimeshikana mno. Ongeza indoli 0.05 ya asilimia 10, utaona sabuni inageuka petali. Hili huwashangaza watu: uchafu kidogo ndio unaofanya ua lionekane hai, na bila huo linabaki kopo la unga wa kufulia. Ukipata ukijani mkali, kama sharubati ya mboga, hakuna cha kuongeza kitakachouficha vizuri. Tengeneza kiini kingine bila heksenoli wala stiralili asetati, kisha changanya nusu kwa nusu.

Baada ya saa moja bergamoti imeondoka. Kama harufu imeporomoka ghafla na kuacha shimo, neroli ni ndogo. Ongeza 0.05 na usubiri siku mbili.

Saa nne hadi asubuhi ni zamu ya miski na benzili salisileti: shuka safi lililokauka juani, na kivuli cha ua. Wapo wasioweza kunusa aina fulani za miski, na wao hudhani manukato yamekwisha. Mpe mtu mwingine ukanda wa jana kabla hujaongeza chochote.

Kila sahihisho lijaribiwe kwanza kwenye gramu moja pembeni. Kwa sampuli ya gramu 1 ya kiini, gawanya kiasi nilichotaja kwa 10. Kikiwa kidogo kuliko mizani inavyoweza kusoma, zimua malighafi hiyo mara kumi zaidi.

Hatua ya 5: ethanoli, maji na subira

Ukiwa na gramu 9.00 za kiini zilizobaki, ongeza gramu 77.40 za ethanoli, zungusha, kisha gramu 3.60 za maji yaliyotoneshwa, polepole, mwisho kabisa. Umebadilisha kiini? Kipime upya na utumie uwiano: ethanoli mara 8.6 ya uzito wake, maji mara 0.4. Maji hupunguza ukali wa spiriti na hufanya mwanzo uwe wa duara. Yakizidi, au yakitangulia kabla ya ethanoli, chupa inakuwa na ukungu. Ukungu ukitokea, ongeza ethanoli gramu moja moja huku ukizungusha hadi mwanga upite.

Asilimia 10 ya kiini ndiyo inayofaa kazi hii. Kuna kishawishi cha kwenda 18 au 20 ili yadumu zaidi, lakini haidroksisitronelali pia itakaribia asilimia 1.6 juu ya ngozi, kiasi kinachoongeza hatari ya mzio, na ule wepesi uliohangaikia utazama.

Weka chupa ya mililita 125 mahali pa giza na baridi kwa wiki tatu hadi nne. Wiki ya kwanza itikise kidogo kila baada ya siku mbili. Rangi itasogea kuelekea manjano, na wakati mwingine waridi hafifu: hiyo ni indoli na methili anthranileti iliyomo katika neroli na yasmini zikishikana na aldehidi kama haidroksisitronelali. Hayajaharibika. Rangi ikiwa ya kahawia ndani ya wiki moja, chupa ilikaa penye mwanga au joto.

Siku moja kabla ya kuchuja, iweke ndani ya friji kwa saa 24. Nta kidogo ya yasmini huweza kuganda na kuonekana kama nyuzinyuzi. Chuja kwa karatasi ya kahawa yakiwa bado baridi, kwani yakipata joto nta inayeyuka na kupita nayo. Lowesha karatasi kwa ethanoli kwanza, isinywe manukato yako.

Ngozini

Pulizia mara moja ndani ya kiwiko, usioshe, angalia kwa saa 24 hadi 48. Wekundu, mwasho au vipele vikitokea, manukato hayo yatumie kwenye kanda za kunusia tu. Kiini kisichozimuliwa kisiguse ngozi kamwe.

Mipulizo mitatu inatosha: kifuani chini ya nguo, na pande mbili za shingo kwa nyuma. Ngozi kavu huyameza upesi, kwa hiyo paka losheni isiyo na harufu dakika tano kabla. Tarajia saa nne au tano kabla ya kubaki miski peke yake. Kusugua vifundo vya mikono vilivyopuliziwa, licha ya watu kusema huvunja harufu, hakuvunji kitu, ila joto huifukuza bergamoti mapema na huo ni upotevu. Usipulizie nguo nyeupe ya hariri, yasmini huacha doa la manjano.

Yanafaa zaidi siku yenye nyuzi 12 hadi 22. Joto likipanda kufikia 30, indoli na benzili asetati hupanda nalo, na upole wote unageuka kile kilichoelezwa mwanzoni. Siku hizo punguza hadi mpulizo mmoja, tena chini ya nguo.

Jaza chupa ya kipulizio hadi karibu na shingo, kwa sababu hewa iliyobaki juu ndiyo inayochakaza bergamoti na linaluli. Linaluli iliyochakaa si suala la harufu pekee, huanza pia kuwasha ngozi za watu. Yaliyozidi yagawe katika chupa ndogo zilizojaa, weka penye giza, andika tarehe ya kuchuja na uzito wa kila kitu nyuma ya lebo. Mwanzo ukianza kunukia mafuta ya taa au ganda la chungwa lililooza, mwaga chupa hiyo.